Noreen Tuckwell, Aliyewafungulia Ukumbi

Waliokuwapo Jumatano katika ibada ya kumuaga Noreen Tuckwell ni hawa. Dada yake, Beryl. Wanakamati wa ukumbi wa Wirrabel. Wazimamoto wa kujitolea, wakiwa na sare zao. Naw Mu Say, pamoja na familia za Wakaren kutoka mtaa wa kiwandani. Sajini wetu mstaafu, aliyekaa benchi la nyuma. Mwana pekee wa marehemu, Darcy, hakuwapo.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Noreen Tuckwell, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wetu kwa miaka mingi. Alizaliwa hapa Wirrabel, ukingoni mwa mto Murray. Aliolewa hapa, akafiwa na mumewe hapa, akamlea Darcy peke yake hapa. Alikuwa na sauti kubwa na subira ndogo. Beryl anasema, "Dada yangu aliwahi kumkatiza mchungaji katikati ya mahubiri, akamwambia chai inapoa."

Ili tumwelewe Noreen, yatupasa kurudi kwenye mafuriko. Mto ulipopanda, walikuja vijana wageni wenye mashati meusi. Walijiita Walinzi wa Kusini. Kiongozi wao alikuwa Garrick Stroud, mtu mpole wa maneno. Walijaza mifuko ya mchanga pamoja nasi mpaka maji yakarudi nyuma.

Nanyi mnaijua desturi yetu. Mtu aliyejaza mifuko ya mchanga pamoja nawe haulizwi maswali. Kwa hiyo Garrick alipoomba ukumbi kila Jumamosi kwa mazoezi ya mwili, hakuna aliyeuliza ni mazoezi gani. Kamati ilipiga kura kwa mikono. Hakuna aliyepinga. Noreen akampa ufunguo, na zaidi ya hayo akawapelekea skonzi.

"Mama, kwa skonzi hizi tungeshinda vita," Garrick alimwambia.

"Kula kwanza, kijana. Vita vyako vitapoa?" Noreen alimjibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Walijipanga safu. Walitembea kwa hatua moja. Walijifunza kupigana kwa fimbo. Noreen aliyaona hayo akapuuza, kwa kuwa walikuwa wakifagia sakafu kabla ya kuondoka. Baada ya muda, Darcy naye alivaa shati jeusi. Mama yake alilipiga pasi.

Ikafika sikukuu ya Mwaka Mpya wa Wakaren. Hawa ni majirani zetu waliokimbia vita vya Burma, wakaja kufanya kazi katika kiwanda cha nyama ya bata. Asubuhi ile Walinzi walisimama safu mbili mbele ya lango la kanisa, mikono kifuani, kimya. Aliyetaka kuingia ilimlazimu kupita katikati yao. Naw Mu Say alipita akiwa amebeba sufuria ya wali. Ananisimulia: "Nilimwona Darcy. Wakati wa mafuriko alikuja peke yake kuukinga ukuta wangu, nikampikia. Siku ile alitazama viatu vyake."

Noreen alikuwa ng'ambo ya barabara. Alivuka moja kwa moja hadi kwa mwanawe.

"Darcy, toka hapo."

"Nenda nyumbani, Mama. Hatujamgusa mtu."

"Ungekuwa umemgusa, ningejua la kufanya."

Garrick akaingilia kati. "Bibi Tuckwell, sisi tunailinda Australia ya baba zetu."

"Baba yake huyu alikuwa fundi bomba, Garrick. Alilinda vyoo. Nipe ufunguo wangu."

Alipewa ufunguo. Lakini hakupewa mwanawe. Darcy alibaki katika safu.

Noreen alikwenda polisi. Sajini alimwambia, "Noreen, kusimama barabarani si kosa." Alikwenda halmashauri, akaambiwa jambo hilo ni la polisi. Walinzi wakahamia banda la shamba moja, wakaongezeka. Kijana wa Kikaren alivunjwa taya akitoka kazini. Ndipo kamati ya bunge la jimbo ilipokuja kusikiliza ushahidi. Ilikuja, wasikilizaji wapendwa, lakini ilichelewa.

Noreen aliambiwa kuwa angeweza kutaja majina faraghani. Alijibu: "Wao mashati yao waliyavaa mchana. Nami nitasema mchana." Alianza na jina lake mwenyewe. Alisema kwamba ukumbi aliufungua yeye. Kisha akamtaja Garrick. Kisha akamtaja Darcy.

Sheria ilipitishwa. Kundi lilipigwa marufuku. Garrick alifungwa. Darcy hakuwa na hatia ya ile taya, ila alihukumiwa kwa kuwatisha watu, akapewa kifungo cha nje. Kilipomalizika alihamia migodi ya magharibi. Kabla ya kuondoka alimpigia mama yake simu. "Wewe ndiye uliyewafungulia mlango, Mama. Mimi niliingia tu."

Beryl alikuwapo. "Alibaki ameshika simu," anasema. "Nikamwambia, usimsikilize. Akaniambia, hajasema uongo, Beryl."

Hawakuzungumza tena. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Darcy, Noreen alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga hata akiwa kitandani hospitalini.

Kwa Beryl na jamaa wote, tunawapa pole za dhati. Kwa Darcy, popote unapotusikia, pole nawe, kwa kuwa umefiwa na mama. Nasi tuliobaki tujiulize: ni mambo mangapi tuliyaona wazi, tukayanyamazia kwa sababu waliotenda walikuwa na adabu? Sheria ilifanya kazi yake. Kazi iliyotangulia sheria ilikuwa yetu, na hatukuifanya.

Baada ya ibada, wakati wa chai, Beryl alisimama. Alisema majivu ya mwili wa dada yake hayatatawanywa mtoni mpaka Darcy aje, hata ikichukua miaka. Mtu mmoja akanong'ona kwamba hatakuja. Naw Mu Say akaweka kikombe chake chini.

"Mimi sijui kama nitampa mkono," alisema. "Lakini asubiriwe."

"Basi tumeamua," akasema Beryl. "Tunamsubiri."