Wasifu wa Fundi Wetu, na Waya Mnene wa Nyumbani Kwake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, akiwa kitinda mimba wa mwangalizi wa mitambo na mpishi wa bwalo la kiwanda hicho. Alikuwa mdogo mno, hata dada yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alipokabidhiwa ambebe alidhani amepewa mwanasesere. Alipoanza kulia, shaka yote ikaisha.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na kiwanda kuanzia mwaka 1964. Akiwa darasa la sita alijitolea kutengeneza kengele ya umeme ya shule iliyokuwa imekufa. Kengele ilifufuka kweli, ila ikagoma kunyamaza asubuhi nzima ya mtihani. Mwalimu mkuu alimwita mama yetu akamwambia, "Huyu mpelekeni chuo cha ufundi kabla hajatumaliza." Akapelekwa, akahitimu mwaka 1975.

Alifanya kazi kiwandani hadi kilipofungwa mwaka 1994, kisha akajitegemea. Sifa yake kubwa ilikuwa kubadilisha yale maboksi ya fyuzi ya kizamani, yenye vishikio vya kauri na waya mwembamba ndani, na kuweka ya kisasa yenye breka. Hakuwahi kufunga boksi bila kumfundisha mwenye nyumba. "Fyuzi ni nyembamba makusudi, mama," alikuwa akisema. "Umeme ukizidi, inakatika yenyewe kabla nyaya za ukutani hazijapata moto. Ukiweka kitu kinene hapo, kitakachoungua ni nyumba." Kuhusu breka alisema, "Ikiruka, irudishe. Ikiruka tena, usishindane nayo, niite mimi." Wengi wenu hapa mmelisikia somo hilo mkiwa mmesimama kwenye korido na tochi mkononi.

Tarehe 14 Agosti 1982 alimwoa mwoka mikate, wakajaliwa binti na mvulana. Walipendana kwa kutaniana. Mkewe alioka nyumbani kwa jiko la umeme, na kila mara mikate ikiwa nusu mbichi fyuzi ilikatika. "Fundi wa watu," mke alimwambia, "kwako tunaoka kwa dua." Siku moja fundi, akiwa na haraka ya kwenda kazini, alichomeka waya mnene kwenye fyuzi ile, akaahidi kuja kubadilisha boksi zima Jumamosi. Jumamosi zikapita, miaka ikapita. Mikate ikawa inaiva vizuri, naye akajifanya hamnazo.

Hapa wasifu wa kawaida ungehamia kwenye ugonjwa. Familia imekataa kumvisha ndugu yetu kilemba cha ukoka.

Mwaka 2009 aliitwa kwa jirani yake mshonaji, ambaye pasi ilikuwa ikimkatia umeme kila mara. Alipofungua boksi alikuta msumari mahali pa waya wa fyuzi. Badala ya kumweleza mama wa watu pembeni, alitoka na msumari huo barazani, mbele ya wateja waliokuja kuchukua sare za shule, akauinua juu. "Mnamwona huyu? Anataka kuwachoma nyinyi na nguo zenu!" Watu wakaangua kicheko. Wengine walibeba vitambaa vyao wakaondoka. Tangu siku ile mtaa mzima, hadi watoto, ukamwita Mama Msumari, na jina likaganda. Marehemu alirudi nyumbani akisimulia kwa madaha, huku waya wake mnene ukiwa nyuma ya pazia la korido yake mwenyewe.

Mei mwaka uliofuata, jiko la mikate likiwa limewaka pamoja na pasi, boksi lake lilianza kutoa moshi na pazia likashika moto. Yeye alikuwa bafuni, mkewe uani. Aliyeingia mbio ni mshonaji. Alizima swichi kuu, akalivuta pazia chini, akalimwagia ndoo ya mchanga. Kisha akachomoa kile kishikio cha fyuzi, akaona kilichomo. Marehemu alikuwa amesimama na taulo, uso umemshuka. Majirani walipojaa mlangoni wakiuliza kulikoni, mama yule alikidumbukiza kishikio mfukoni mwa aproni yake, akasema, "Pazia tu jamani. Limeshika kiberiti."

Marehemu akanyamaza. Mtaa ukaendelea kumwita yeye Fundi, na mwenzake Mama Msumari.

Aibu ile ilimtafuna. Wiki ile ile aliweka boksi la kisasa kwa mshonaji kabla ya kugusa la kwake, kisha kwake akalipatia jiko la mikate breka yake peke yake, akaongeza kile kifaa kinachokata umeme ukivuja kwenda mwilini mwa mtu. Kwa mshonaji alikuwa amejiandaa kuomba radhi. Akaishia kumweleza breka ya pasi ni ipi, na ya taa ni ipi. "Ahsante, fundi," mama akasema. Kwa miaka mingi baadaye alizunguka njia ya nyuma ili asipite barazani pale, na mkewe alijua kwa nini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alipolazwa mara ya mwisho, mshonaji alikuja kumwona, lakini ndugu yetu aliposikia sauti yake mlangoni akafumba macho, akajifanya amelala. Mama alikaa kidogo, akamfunika shuka vizuri, akaondoka. Marehemu akalia. "Kamwambie," alimwomba mkewe. "Mdomo ni wako," mke akajibu, "atakuja tena kesho, utamwambia." Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 2024.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na dada yake mkubwa.

Ameacha pia jirani, ambaye tunamwona ameketi mstari wa nyuma. Mama, lile pazia halikushika kiberiti, na leo mtaa wote umesikia. Ulimwokolea nyumba, ukamfichia aibu, naye akakuacha ubebe ya kwako na jina alilokubandika yeye. Alitaka kukuomba radhi akaogopa macho yako. Tunakuomba sisi, na tunakuomba uje ukae huku mbele, pamoja na wafiwa.

Ndugu yetu, neno lako limesemwa. Pumzika.