Bi. Mideva na Nguo za Siku Saba

Tarehe 30 Juni, Bi. Phanice Mideva atafunga kabati la silaha kwa mara ya mwisho na kumkabidhi Bw. Kiarie, meneja wetu, funguo zake. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa na miezi minne katika duka letu la silaha na mafunzo hapa Donholm. Nimeombwa nimwandikie wasifu kwa jarida la wafanyakazi. Yeye mwenyewe amenionya nisitie chumvi. Sitatia. Ukweli wake unatosha.

Wateja humwita Madam. Sisi tunamwita Mama Laban, kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuja hapa kutoka Kayole akiwa ameajiriwa kupika chai na kupiga deki. Fundi wa silaha wakati huo alikuwa Mzee Githinji, marehemu sasa, mtu asiyependa maswali. Lakini alihitaji mtu wa kumshikia kitambaa akipaka bastola mafuta, na mwenye kitambaa akawa Mama Laban. Kila skrubu iliyotolewa aliiuliza jina na kazi yake. Mwaka wa tatu mzee aliugua majuma mawili, na bastola sita zikabaki mezani zimefunguliwa. Aliyejua kipi ni cha ipi alikuwa mpika chai.

Basi akapelekwa mafunzoni, akafaulu, akarudi kuwa msaidizi wa fundi, kisha mkufunzi, kisha mkufunzi mkuu. Ni mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo katika duka hili. Chai nayo hakuiacha. Anasema ile tunayopika sisi ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali.

Kwa wageni wa jarida hili, kazi ya mkufunzi kwetu si kulenga shabaha tu. Mtu akishapata kibali cha kumiliki bastola, lazima achague ya aina gani ataibeba kila siku, imefichwa chini ya nguo, akienda kazini, akirudi, akinunua sukuma wiki. Mkufunzi humpima na kutia sahihi fomu kwamba huyu na bastola hii wanafaana. Bila sahihi hiyo hatuuzi.

Wengi huja wakiwa wameshachagua kwenye filamu. Kijana mmoja aliingia akasema, "Mathe, nataka ile inang'aa, ile ya mafilamu." Mama Laban akamwambia, "Filamu ikiisha, aliyepigwa risasi huamka akaenda kula. Wewe wako ataamka?" Mwingine alikiri kwamba akimwona mwizi, mguu wake hukimbia kabla mkono haujafikiria. Akaambiwa, "Basi umeshachagua, baba. Nunua viatu." Na yuko mchungaji aliyetaka kuficha yake ndani ya kava la Biblia. Mama Laban akamuuliza kwa upole atafanyaje siku akiombwa asome Zaburi.

Ukimuuliza ipi bora, hujibu kwa swali: bora kwa nani? Halafu anakupangia mezani. Hii haina nyundo ya nje, kile kidude cha nyuma kinachogonga risasi, na triga yake, pale kidole kinapovuta, ni laini vile vile kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Hii ina nyundo, mvuto wa kwanza ni mzito, inayofuata ni miepesi. Hii lazima ubebe nyundo imeshavutwa nyuma na kizuizi kimewekwa, kwa hiyo kidole gumba kisisahau kazi yake. Na hii ni rivolva, yenye silinda, ambayo kila risasi inadai kidole kifanye kazi upya. Nilisikia maelezo hayo nikiwa mezani kwangu nikichapa barua, na mimi niliyeishia kidato cha nne niliyaelewa. Huo ndio ualimu.

Kuna kosa lake moja ambalo huwa halifichi. Miaka mingi iliyopita alimtilia sahihi mteja kwa sababu alilenga vizuri. Yule bwana alifika nyumbani, akatoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akaamini bastola iko tupu, akavuta triga. Risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya chemba. Ilitoboa sufuria ya githeri na ukuta nyuma yake. Hakuna aliyeumia, ila jirani alikuwa ametoka kuegemea ukuta ule dakika chache kabla. Mama Laban huwaambia wateja wote kisa hiki, na hasemi "mteja wangu alikosea." Husema, "Nilimpima jicho, sikumpima nyumbani kwake."

Baada ya hapo ndipo akaanzisha utaratibu wake wa siku saba. Mteja aje mara saba, kila mara na nguo anazovaa siku ile ya juma, kwa sababu mtu wa Jumatatu si mtu wa Jumapili. Anapewa bastola ya mazoezi, isiyoweza kabisa kubeba risasi ila triga yake hulia, na anaishi nayo saa moja chumbani mwetu. Akae, ainame, afunge kamba za viatu, atoe simu mfukoni, abebe mtoto. Mtoto ni gunia la maharagwe la kilo kumi na tatu. Uzito huo aliuchukua kwenye kadi ya kliniki ya binti yangu Eve, na tangu hapo gunia linaitwa Eve. Nimezoea kusikia ukutani sauti nzito ya mwanaume ikiuliza, "Eve nimshike mkono upi?"

Uongozi haukuupenda utaratibu huo sana. Wateja hawapendi kurudishwa. Na hapa nafika kwenye kisa cha miaka miwili iliyopita, ambacho Bw. Kiarie amesoma na kuniruhusu nikiandike kama kilivyokuwa.

Bw. Idarusi anauza simu mtaani Huruma. Wezi walikuwa wamemvamia dukani mara mbili, na mara ya pili walimkata panga kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Alikuja na binamu yake Imran, akitaka ile bastola ndogo isiyo na nyundo ya nje, triga laini, aondoke nayo siku ile ile. Nyumbani ana binti, Khawla, aliyekuwa na miaka mitatu, mtoto wa kubebwa kiunoni kutwa nzima na wa kuingiza mkono kila mfuko. Mama Laban alimtazama akijaribu kurudisha nyuma ile sehemu ya juu ya bastola ili kuiandaa. Mkono ule uliokatwa ulishindwa mara mbili. Akasema hatii sahihi mpaka siku saba.

Imran akaingilia: "Niaje mathe, si umuuzie tu msee aende? Wezi hawangoji siku saba."

"Wezi hawangoji," akasema Mama Laban, "na risasi haingoji pia. Kesho aje na nguo za Jumanne."

Bw. Idarusi akaondoka kwa hasira, akisema duka la silaha si hili moja tu. Jioni hiyo Bw. Kiarie alinipa barua nichape. Iliandikwa kwamba Bi. Mideva asipotia sahihi hiyo kufikia Ijumaa, ataondolewa kwenye ukufunzi na kupelekwa stoo mpaka atakapostaafu. Niliichapa. Nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma amesimama, akaikunja mara mbili, akaenda mlangoni kwa meneja.

"Bw. Kiarie," akamwambia, "mimi nitatia sahihi siku mtoto wa yule bwana atakapokuwa salama karibu naye. Ukitaka stoo, nionyeshe tu ufunguo uko wapi."

Alhamisi asubuhi aliingia mwanamke aliyejifunga leso juu ya buibui, amemshika mtoto mkono. Ni Kibibi, mke wa Idarusi. Nyuma yake akamfuata Idarusi kama mtu anayepelekwa kwa daktari wa meno, na Imran nyuma kabisa. Kibibi hakuketi. Akasema ameambiwa kuna mama hapa anayemkatalia mume wake, na yeye anataka amwone huyo mama kwa macho.

"Ni mimi, dada," akasema Mama Laban.

"Basi nionyeshe kwa nini. Huyu analala na mimi, halali na Imran."

Khawla akaachwa ofisini kwangu na kalamu za rangi. Mlango tuliuacha wazi, kwa hiyo niliyaona yote. Idarusi alikuwa na lile shati lake refu la dukani, lisilochomekwa. Gunia likawekwa mkono wa kushoto, bastola ya mazoezi kwenye ala upande wa kulia. Mama Laban akasema, toa. Akatoa haraka na vizuri, hata Bw. Kiarie aliyekuwa amesimama mlangoni akatikisa kichwa kukubali. Imran akapiga makofi: "Si nilisema?"

"Sasa rudisha," akasema Mama Laban.

Akairudisha huku akimtazama Imran anacheka. Pindo la shati likaingia pamoja na bastola ndani ya ala, likajikunja kwenye triga.

Tik.

Mdomo wa bastola ulikuwa umeelekea pajani mwake. Kibibi alitazama lile paja, halafu akatazama urefu wa mtoto wake aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi akitaka kuonyesha alichochora.

"Rudia," akasema Kibibi.

Akarudia mara tano. Mara mbili ikalia tik.

Ndipo Mama Laban akampa rivolva ya mazoezi, ile yenye nyundo ya kuonekana nyuma na triga nzito. Akamfundisha kitu kimoja tu: ukiirudisha kwenye ala, weka kidole gumba juu ya nyundo. Mara ya tatu pindo likaingia tena, maana shati lilikuwa lile lile. Triga ikaanza kuvutwa polepole, nyundo ikainuka chini ya kidole chake, na Idarusi akaacha kuisukuma mwenyewe, bila kuambiwa. Akaitoa, akalitoa pindo, akairudisha safi. Halafu akakaa chini akiwa bado amemkumbatia Eve wa maharagwe.

"Imenisukuma kidole," akasema. "Imeniambia."

Mama Laban akamweleza pia kwamba rivolva haihitaji kurudishwa nyuma ili iandaliwe, kwa hiyo ule mkono wa panga hautamwaibisha. Hakumficha mabaya yake: risasi ni chache, na triga nzito inataka mazoezi mengi zaidi ili ulenge sawa. Imran hakuridhika. "Hiyo ni ya babu, bro. Utachekwa Huruma nzima."

"Wacheke," akasema Kibibi. "Wakicheka hatuziki mtu."

Idarusi alimaliza siku zake zote. Kubadilisha karatasi za kibali ziwe za rivolva kulichukua wiki tano, na kila Jumatatu Mama Laban alimpigia simu kuuliza amelalaje na kumkumbusha afunge duka mapema. Siku ya kanzu ilikuwa ya mwisho. Walijaribu kila namna, na kila mara kanzu ilipanda hadi kifuani kabla bastola haijatoka. Akaambiwa Ijumaa aiache kwenye sefu, aende kuswali akiwa mwepesi. Hapo ndipo Mama Laban alipoomba kalamu akatia sahihi.

Barua ya stoo haikuwahi kutumika. Alhamisi ile jioni Bw. Kiarie aliniambia niitoe nakala yake kwenye faili na nichape nyingine, fupi: hakuna mkufunzi wa duka hili atakayetia sahihi kabla ya siku saba, awe mteja ni nani, awe na haraka gani. Imebandikwa chumba cha mafunzo. Inambana na yeye mwenyewe, na ameiheshimu. Tunampongeza kwa hilo, maana si kila mkubwa hukubali kuonyeshwa.

Mama Laban amefundisha wakufunzi wanne tulio nao sasa, akiwemo Bw. Mativo anayechukua nafasi yake. Bw. Mativo alimtilia mteja sahihi siku ya sita mwaka jana kwa sababu ya mvua, na alitumwa kumfuata mteja huyo hadi Tassia kwa miguu kuirudisha fomu. Anasema bado anaota ile barabara na matope yake. Amejifunza.

Wiki iliyopita Idarusi alikuja na familia kumuaga. Khawla ameingia shule ya chekechea na anajua kuandika jina lake, ameliandika kwenye kitabu cha wageni, herufi moja imegeuka nyuma. Mama Laban alimuuliza baba yake ameitoa mara ngapi kwenye ala, nje ya mazoezi, kwa miaka hii miwili.

"Hata moja, Madam."

Nilikuwa pale, na nilimwona mama huyu, ambaye sijawahi kumwona akilia hata kwenye mazishi ya Mzee Githinji, akitafuta leso ndani ya mkoba wake na asiipate.

Kwa hiyo wasifu huu una upungufu ambao siwezi kuusahihisha. Kazi kubwa ya Bi. Mideva ni mambo ambayo hayakutokea, na hayo hayana tarehe wala mashahidi. Wako watoto Kayole, Huruma na Tassia wanaokwenda shule leo, wanagombania penseli, na hawajui kuna mama aliyebishana kwa ajili yao kuhusu triga na pindo la shati.

Asante, Mama Laban, kwa kutukatalia. Asante kwa chai. Umetuambia utapumzika Kayole kwa wajukuu, na wakati wa kupanda uende Vihiga kuona mahindi. Fanya hivyo. Lala mchana, ule usingizi ambao wengine wetu wenye watoto wadogo tumesahau ladha yake. Usije hapa kukagua kama tunafuata siku saba, tunazifuata. Mungu akupe miaka mingi, afya na majirani wapole.

Shirleen, karani wa ofisi, kwa niaba ya wafanyakazi wote