Anayecheka Akiogopa

Mshona nguo aliyeketi mbele yangu kwenye basi aligundua kuwa abiria wa kiti cha pembeni yake ndiye anayeendesha kile kitreni cha kupanda na kuporomoka kwenye reli, pale bustani ya michezo ya watoto. Akamgeukia mzimamzima. "Kaka, kesho shule ya binti yangu inakuja kwako. Yule akiogopa halii, anacheka mpaka anazimia. Ukimwona anacheka, simamisha."

"Dada yangu, wapo wanaotapika, wapo wanaoganda kama gogo, wapo wanaojikojolea. Hao nawasimamishia. Anayecheka namwongezea mwendo. Ndiyo kazi."

Ndiyo kazi! Wasimamizi wa kiwanda chetu walisema hivyohivyo miaka ile nikiwa kibarua: tulikuwa tunaimba, kwa hiyo hatujachoka, wakatuongezea zamu. Sura zao ninazo kichwani mpaka leo.

"Alishazimia kwenye bembea ya kawaida, wewe!" mama akafoka.

"Basi mfundishe kulia kama wenzake."

"Kumbe na woga una sare?"

Basi likasimama. Mwendeshaji akashuka haraka. Mama, ingawa alikuwa amelipa nauli ya kufika mwisho wa njia, akanyakua mkoba wake akashuka nyuma yake.