Ishara ya Kipa wa Akiba

GLOVU: Haloo... nani mwenzangu?

NAHODHA: Dada Glovu, ni mimi.

GLOVU: Mimi nani? Namba hii siijui.

NAHODHA: Nahodha wako. Nimeazima simu ya mpishi wa kambi. Yangu huipokei tangu jana.

GLOVU: Aa. Nilikuwa nafua.

NAHODHA: Tangu jana?

GLOVU: Nguo nyingi. Sema, mdogo wangu, kuna nini?

NAHODHA: Umeondoka kambini bila kuaga. Tunarudi kutoka uwanjani, nakuta kitanda chako kitupu—

GLOVU: Tumefungwa, nikaja kwa dada yangu kupumzika. Kipa wa akiba akiondoka nani anajua? Hata sufuria za mpishi zinauliziwa kuliko mimi.

NAHODHA: Mimi nilijua.

GLOVU: Wewe siku hizi unajua kila kitu. Si nilikusikia redioni? "Siri yangu ni uvumilivu." Nikaizima. Uvumilivu wa nani? Ulianza kudaka kwa glovu zangu kuukuu, ukanitoa golini, ukavishwa na kitambaa cha unahodha juu yake. Aliyevumilia ni mimi niliyekaa benchi.

NAHODHA: Nilikutaja, dada, wao ndio walikata—

GLOVU: Walikata. Mbona ya kwako hawakukata.

[mtandao unakwaruza]

NAHODHA: ...unanipata? Nasema kocha ameniita asubuhi. Kuhusu ile penalti.

GLOVU: Enhe.

NAHODHA: Anauliza kwa nini niliruka kushoto kama kipofu. Anasema wewe umewasoma wapigaji wao wiki nzima, na kazi yako ni kusimama pembeni unionyeshe. Ukishika sikio, kulia. Ukishika kiuno, kushoto. Msimu mzima hatujapishana, jana ikawaje?

GLOVU: Ukamwambiaje?

NAHODHA: Nimemwambia sikukutazama.

GLOVU: Ulinitazama.

NAHODHA: Nimemwambia kichwa kilivimba, nikaamua kubahatisha mwenyewe.

GLOVU: Ulinitazama mpaka mwamuzi akapuliza filimbi. Mimi... pale niliposimama jua lilikuwa la machoni—

NAHODHA: Jua. Sawa.

GLOVU: Naye kasemaje?

NAHODHA: Marudiano Jumapili mimi nakaa benchi. Golini unasimama wewe. Kitambaa atavaa beki.

GLOVU: Rudia, mtandao unakata.

NAHODHA: Haukati, dada. Umesikia.



GLOVU: Nani kakutuma unibebee lawama?

NAHODHA: Hakuna.

GLOVU: Tangu uninyang'anye lile goli naombea uteguke hata kidole. Nakupigia mipira ya mazoezi huku naomba, Mungu anisamehe. Leo nalipata, na bado nalipokea kutoka mkononi mwako. Hata wema umeniwahi. Sasa mtu akushinde kwa lipi?

NAHODHA: Usinipambe. Nina hasira mpaka chai haishuki. Ila Jumapili tukitolewa tunarudi nyumbani wote, na hao wapigaji wao unawajua wewe. Kocha akikufukuza leo, nani atatusomea hao?

GLOVU: Kwa hiyo unajua.

NAHODHA: Sijasema najua.

GLOVU: Kocha yuko hapo?

NAHODHA: Yuko mezani, anakula. Wa nini?

GLOVU: Mpe simu.

NAHODHA: Dada, ukianza maneno—

GLOVU: Mpe, nimesema. Siwezi kusimama kwenye goli la kuhurumiwa.

[vyombo vinagongana, hatua, mtu anakohoa]

GLOVU: Kocha, shikamoo. Ni Glovu. Mwenzangu hakukosea jana. Alinitazama. Nilijua yule binti anapiga kulia, nilijua tangu anauweka mpira chini. Nikatia mikono mfukoni makusudi. Ni wivu, kocha, sina jina jingine. Nilitaka na yeye afungwe watu wakimwona. Kocha? Nitukane basi.

NAHODHA: Ni mimi.

GLOVU: Kocha yuko wapi?

NAHODHA: Bado anakula. Sijampa.

GLOVU: We mtoto.

NAHODHA: Nilitaka nikusikie kwanza mimi niliyefungwa. Kocha utamwambia mwenyewe, uso kwa uso, baada ya mechi.

GLOVU: Na wewe je? Umenisamehe?

NAHODHA: Mazoezi ni saa kumi. Mpishi ananitolea macho, salio lake linaisha. Acha hizo nguo, panda gari—

GLOVU: Subiri. Jumapili, wakipata penalti... pale pembeni atasimama nani?

NAHODHA: Kipa wa akiba. Mimi.

GLOVU: Utanionyesha?

[mkwaruzo]

GLOVU: Mdogo wangu, utanionyesha kweli?

[simu imekatika]

GLOVU: Haloo? ... Haloo?