Mama Kabati, Ngazi ya Vipandio Kumi na Vinne na Kadi Namba 3,817

Mama Kabati anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30, saa kumi kamili jioni, baada ya kuitumikia Idara ya Taarifa kwa miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku kumi na tisa. Katika muda huo Idara imepoteza vioo vya madirisha mia moja na sita, mabawabu wawili, na neno "vita", ambalo lilionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 2 Juni, miaka kumi na mmoja iliyopita. Mimi ninayeandika, karani wa Takwimu, nilimpoteza kaka yangu Jumanne tarehe 14 Machi mwaka jana, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Hesabu zote zimehakikiwa.

Nimeombwa wasifu huu uwe mfupi na uchangamshe. Nitajitahidi.

Kwa miaka ishirini na miwili ya mwanzo mstaafu wetu alikuwa mpigachapa ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha. Ndege zilipoanza kuruka, wakubwa walijifungia kwa muda wa saa sita wakitafuta jina la kile kilichokuwa kikiendelea. Yeye aliingia na birika la chai, akasikiliza kidogo, akasema, "Si mliite tu zoezi la ujirani?" Kabla chai haijapoa alikuwa na ofisi, simu na kabati.

Kabati lenyewe wengi mnalijua: droo mia mbili na arobaini, kutoka sakafuni mpaka darini. Ndani yake kuna kadi. Upande wa kushoto neno wanalosema watu, upande wa kulia neno litakalotangazwa. Kanuni zake ni mbili tu. Kwanza, neno jipya hupelekwa mlangoni kwa bawabu. Bawabu akilielewa, halifai. "Neno likieleweka limechacha," Mama Kabati hupenda kusema. Pili, kadi hairekebishwi ila na mkono ulioiandika. Mwenye mkono akistaafu, kabati linapigwa lakiri. Naomba msomaji aishike hiyo ya pili.

Bawabu wa kwanza alidumu miaka mitano, mpaka akawa mjanja. Siku moja aliletewa neno asubuhi na mapema, akacheka. "Aa, mama, hili si lile la juzi? Mmelivalisha koti tu." Akahamishiwa bohari. Wa pili aliletewa "upunguzaji wa msongamano mtaani". Akauliza, "Mtaa gani?" Akatajiwa. Akavua kofia, akakaa kwenye ngazi za mlangoni, hakuinuka mpaka jioni. Neno likaondolewa siku hiyohiyo, naye pia. Wa sasa haelewi chochote, na amepata cheti cha mfanyakazi bora mara mbili.

Ushujaa wa mstaafu wetu hauna mjadala. Mwaka wa sita wa zoezi hilo, kitu kizito kilipoangukia uwanja wetu wa magari, sote tulikuwa chini ya meza. Simu ikalia, magazeti yanauliza. Mama Kabati, vioo vimejaa kichwani, akavuta waya wa simu mpaka huko chini akatangaza: "Jengo letu limeongezewa hewa." Muuguzi alipokuwa akimtoa vipande vya kioo shavuni alimuuliza kama ameumia. Akajibu, "Nimenakshiwa tu, binti yangu."

Kadi yake iliyosifiwa kuliko zote ni ile ya "gaidi". Mwanzoni ilisema: mtu anayetega bomu penye watu ili waogope. Kadi nzuri, hata mimi ningeitia saini. Lakini kila ndege zetu zilipompiga mtu asiyehusika, ilikuwa rahisi kupanua kadi kuliko kukiri kosa. Akaongezwa aliyempangisha gaidi chumba. Akaongezwa aliyemuuzia mkate, kisha aliyeitikia salamu yake. Mwishowe akaongezwa yeyote mwenye "kifaa cha kufikia juu", yaani ngazi inayozidi mita tatu. Mwaka wa tisa nilijumlisha wilaya ya mashariki. Magaidi 214,306. Wakazi, pamoja na vichanga wa wiki hiyo, 198,040. Nikampelekea.

"Mama, magaidi wamezidi watu."

Akavaa miwani, akachukua penseli, akajumlisha mwenyewe safu kwa safu. "Hesabu yako sahihi, mwanangu," akasema. "Basi watu ndio pungufu."

Mwaka uliofuata kuna waliotega bomu sokoni kweli, wakaua watu thelathini na mmoja. Hawajapatikana mpaka leo. Wangepatikanaje? Walikuwa wachache katika orodha ya 214,306. Walipotea humo kama chumvi majini.

Haki lazima isemwe: Mama Kabati ni mtu mwema. Mimi niliingia jengo hili na ufagio. Jedwali la kuzidisha nililisoma usiku kwa pesa yangu na macho yangu, lakini kiti cha kusomea alinipa yeye, na barua yangu ya kuombea kazi ya ukarani aliipiga chapa yeye, bila kosa hata moja. Nilipofaulu alinifumia sweta. Ninalo bado. Kwa upande huo sina la kumlaumu.

Ndiyo maana alipoanguka mwaka wa nane, akiwa amepandanisha viti viwili afikie droo za juu, nilimwambia kaka yangu. Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea, karakana yake nyuma ya stendi. Akatengeneza ngazi ya chuma, mita nne, vipandio kumi na vinne, akaileta begani mwenyewe. Akaisimamisha kabatini, akaitikisa kwa nguvu mbele ya wote. "Panda bila wasiwasi, mama. Ngazi yangu haimdanganyi mtu."

Mama Kabati akacheka mpaka akafuta machozi. "Humu ndani, baba, itakuwa peke yake."

Tarehe 14 Machi, rubani alitazama chini akaona karakana yenye ngazi ishirini na tatu zimeegemezwa ukutani. Walikuwemo watu kumi na wawili. Saa sita mchana Mama Kabati alipanda ngazi hii ya kaka mpaka droo ya juu kabisa, akaweka kadi namba 3,817: "Mafundi kumi na wawili wamepewa mapumziko." Naamini hakujua ni nani, maana kadi hazina majina. Mimi nilijua. Ile kumi na mbili niliijaza mimi.

Shemeji yangu alikwenda kwa msajili kuomba cheti cha kifo. Karani akafungua jalada. "Dada, huyu yuko mapumzikoni. Akirudi, aje mwenyewe na kitambulisho." Amekwenda mara tisa. Mwezi wa saba ililetwa barua ya onyo kwamba mume wake amezidisha mapumziko. Safari ya tisa karani alimwambia, "Mwambie asizoee." Makaburini wamekataa kuandika jina, kwa kuwa mtu wa mapumziko hana kaburi. Kaka amelala chini ya kigingi namba 44. Shemeji si mjane, watoto si yatima. Mdogo ana miaka sita. Ameniuliza mapumziko ya baba yanaisha lini. Mimi ni mtu wa hesabu, nikashindwa kumpa tarehe.

Nimemwendea mstaafu wetu mara tatu. Mara ya kwanza alisema suala langu linapewa uzito. Ya pili, uzito umeongezwa. Ya tatu, uzito umefikia kilele. Ndipo nikajitolea kuandika wasifu huu, kwa sababu husomwa kwa sauti, ukumbini, mbele ya wafanyakazi themanini na saba. Bawabu ameusoma jana. Alichukua muda mrefu, kisha akasema, "Huu nimeuelewa wote." Kwa kanuni ungetupwa. Lakini wa kuutupa ni Mama Kabati, na hakuna anayeruhusiwa kukagua wasifu wake mwenyewe.

Mama, Idara inakushukuru. Zawadi yako ni kiti cha kubembea, nimekikagua, ni imara. Tunakuombea uzee wa raha, magoti yenye nguvu na wajukuu wa kukuchosha.

Saa kumi lakiri inapigwa, na baada ya hapo hakuna mkono duniani unaoweza kuigusa 3,817. Kutoka meza kuu mpaka kabatini ni hatua arobaini na moja. Kwa mwendo wako kupanda ni dakika mbili, kushuka moja. Penseli nimeichonga. Sihitaji uzito, mama, nahitaji neno moja kwa mwandiko wako: kaka yangu amekufa, au hajafa? Nijibu kabla ya saa kumi kasorobo. Nitakuwa pale chini, nimekushikia ngazi.