Nyonga ya Nyanya

Benchi lile la mbao liko nje ya mkahawa mdogo pale Cedar, Minnesota, mgongo umeyapa maghorofa, uso umeelekea kituo cha treni, na wenyewe ni watatu. Kuna Naftali, anayetunza wazee kule Fridley na kuandika kumbukumbu za kila kikao cha Wakenya, ndiye Katibu. Kuna Jumaa wa Likoni, dereva, aliyewahi kupinga faini ya kuegesha gari akashinda, na tangu siku hiyo anaitwa Jaji. Kuna Bagalwa wa Bukavu, aliyewahi kumbebea wakili mmoja mafaili huko kwao, ndiye Avoka, yaani wakili kwa Kifaransa chao. Asubuhi hiyo ya Aprili, katikati yao alikuwa amebanwa Mwanasiti, mwanawe Khadijah mapajani, koti la kuazima mabegani, kwa sababu saa tano alitakiwa Saint Paul kwenye ofisi ya mawakili, akasailiwe kazi ya msaidizi wa wakili, yeye mtu wa kidato cha nne aliyeanza kozi ya sheria chuoni, akaiacha mihula miwili, akarudi, akaimaliza juzi tu.

— Usitetemeke, Mama Khadijah, alisema Katibu. Jana mawakili walinipigia, maana uliandika jina langu. Nimekusemea vizuri mpaka nikakuonea wivu.

— Walikuuliza nini?

— Kama nakujua. Nikasema namjua sana, kila Jumamosi anawatafsiria watu wetu barua za korti, hakosei hata nukta. Halafu nikakumbuka lile pengo la mwaka kwenye karatasi zako. Nikaona litakuja kukuchoma. Nikaliziba kabla hawajauliza.

— Ukaliziba na nini?

— Nikasema ulikwenda Kwale kumuuguza nyanya yako. Alivunjika nyonga.

Mwanasiti aliweka kikombe chini. Barua yake ya maombi ilikuwa na mstari mmoja uliomchukua wiki nzima kuuthubutu: *Nilisimamisha masomo mihula miwili kwa sababu za kiafya. Sasa nimerudi.*

— Katibu! Mimi niliandika afya, sikuandika Kwale, hata pasipoti yangu haina muhuri wa mwaka ule, na hawa ni mawakili, Katibu, ma-wa-ki-li, wakiona maneno mawili hayafanani watasema huyu mwongo, na wao mgonjwa hawamwogopi, wanamwogopa mwongo, mwalimu alituambia siku ya kwanza kabla hata hatujafungua kitabu!

— Nilikuwa nakusitiri, alisema Katibu, sauti imeshuka. Ulitaka niseme nini? Kwamba ulizaa, halafu ukajifungia ndani, mapazia yamefungwa, husemi, huli? Hayo si maneno ya kwenye simu, mwanangu. Na sisi sote tulikuwa tunasema umesafiri. Hata Farhan mumeo alikuwa anasema umesafiri.

Hilo lilikuwa kweli.

Jaji aligonga benchi kwa kifuniko cha chupa ya chai.

— Nyamazeni, korti imekaa. Mama Khadijah, uliandika afya. Uliandika afya ya nani?

— Yangu!

— Hukuandika neno 'yangu'. Umeandika afya tu. Nyonga si afya? Kesi imefungwa.

— Na wakiniuliza nyanya anaendeleaje?

— Sema hajambo, ameanza kutembea na mkongojo.

— Jaji, nyanya yangu alikufa nikiwa darasa la tano.

— Basi afe tena! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maana yake muue nyanya, kifo kifiche maradhi.

— Wahenga gani hao? aliuliza Katibu.

— Wa Likoni.

Avoka aliinua kidole. Alikuwa amengoja zamu yake muda mrefu.

— Bon. Lakini kufa inaomba karatasi. Minnesota hapa, hata samaki hawezi kufa bila karatasi. Mi niko na muntu Bukavu, anakutengenezea cheti ya kifo, na stempu, na foto ya matanga. Saa moja tu.

— Nyanya wa Kwale, cheti cha Bukavu?

— Alikuwa natembea!

— Na nyonga imevunjika?

— Sasa unazani ilivunjikia wapi? Haba na haba hujaza kibaba, Katibu. Kilometa zote ile!

— Mimi nasema tusimuue, alisema Jaji, ambaye hakupenda kushindwa na Mkongo. Nina shangazi yangu kule, ana sauti ya kigonjwa tangu azaliwe. Tunampigia kwa video saa hizi, analazwa, anafungwa bandeji, Mama Khadijah anaingia ofisini na simu mkononi. Wakili akiuliza, nyanya anamjibu mwenyewe. Shahidi hai!

— Bandeji kwenye nyonga mwaka wa pili?

— Mfupa wa mzee, Katibu. Wewe si ndiye unawatunza?

Mwanasiti alicheka. Hakutaka kucheka, kicheko kilimtoka tu, na Khadijah akacheka kwa kuwa mama kacheka. Na katikati ya kicheko akaona jambo. Nyanya sasa alikuwa na mkongojo, cheti, picha za matanga, bandeji na sauti yake mwenyewe, na yeye mwenyewe, yule msichana aliyeumwa kweli, aliyekwenda kliniki kila Jumanne na kichanga kifuani mpaka akapata tena hamu ya kufungua vitabu, hakuwa na nafasi hata ya kukaa kwenye hadithi yake. Akasimama.

— Mama Khadijah, wapi tena?

— Kupiga simu.

Alikwenda mpaka penye baiskeli zilizoegeshwa, mtoto kiunoni, akabonyeza namba ya ofisi. Walisikia vipande tu vya Kiingereza chake cha haraka haraka: kwamba kabla hajafika anataka kusahihisha jambo moja, kwamba hakusafiri, hakuna nyanya, aliugua akili baada ya kujifungua, alitibiwa, chuo kilimpa ruhusa, na yule mzee hakukusudia ubaya, kwao mtu huyafunika maradhi ya mwenzake kama anavyomfunika kwa shuka. Halafu akawa anasikiliza.

Alirudi polepole.

— Wamesema asante kwa kupiga. Wamesema saa tano ni ile ile. Na wewe Katibu watakupigia tena, na safari hii, Mzee wangu, kwa heshima zote, usinisitiri.

— Si nilisema! Jaji alijipiga kofi pajani. Korti hii haijawahi kushindwa!

— Ulisema nyanya afe, alisema Katibu, akipangusa jasho, lakini alikuwa anatabasamu.

Pembeni ya benchi alikuwa amesimama mama mmoja na kikombe chake, Mukandayisenga, aliyehamia ghorofa ya nne wiki mbili tu zilizopita na bado alikuwa akisalimia kila mtu mara mbili. Alikuwa amesikia yote.

— Munisamehe, mi ni mugeni, alisema. Naomba kuuliza tu. Ile wakati alikuwa mugonjwa, nani alimupelekea uji?

Jaji alichungulia ndani ya kikombe chake. Avoka alisema "Bon," na hilo "Bon" halikufuatwa na "lakini". Katibu, mwenye kumbukumbu za kila kikao, nani alivunjika mguu, nani alipelekewa supu na siku gani, aliutafuta uji huo kichwani, hakuupata.

Mwanasiti aliwatazama. Hakuwa na hasira nao, ajabu ni hiyo. Alikuwa amepanga kumwacha mtoto kwa jirani juu, lakini treni ilikuwa inaingia, na Katibu alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Akampa.

— Maziwa saa tano na nusu, yamo mfukoni mwa mkoba. Na abebwe mkitembea. Mkikaa tu, analia.

Akakimbia na koti lake la kuazima. Treni ilipoondoka alichungulia dirishani akawaona, wazee watatu wamesimama, wanalizunguka benchi na mtoto, mmoja mbele, wawili nyuma wakibishana jinsi ya kumbeba, na Mukandayisenga amekaa katikati peke yake, anakunywa kahawa.