Verna Luoma na Tabaka Namba Tisa

Leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Verna Luoma anafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Ofisi ya Wahandisi ya Pelkie hapa Carrow kwa miaka thelathini na sita. Aliingia akiwa na miaka ishirini na tisa, anatoka na sitini na tano, na katika muda wote huo ameugua siku nne tu. Siku ya tano alisema anaumwa, kumbe yuko ziwani anavua samaki kwenye barafu. Tulijua, maana kesho yake alituletea hao samaki.

Nimeombwa kuandika haya mimi, Denise Tregonning, kwa sababu kuanzia Jumatatu kiti chake nakikalia mimi. Pia kuna kosa nililomfanyia, na bosi wetu Rodney Pelkie amesema nisipolisema mimi atalisema yeye. Heri niseme mwenyewe, maana Rodney akianza habari hamli chakula leo.

Kwa wenza na watoto waliokuja kwa ajili ya keki tu: mchoro wa jengo kwenye kompyuta hupangwa kwa matabaka, kama karatasi angavu zilizowekwa moja juu ya nyingine. Kuta zina tabaka lao, mabomba lao, nyaya za umeme lao. Kila tabaka lina jina, rangi, unene wa mistari na swichi ya kuliwasha na kulizima, na swichi nyingine inayoamua kama litachapwa kwenye karatasi. Jengo moja linaweza kuwa na michoro arobaini iliyochorwa na watu sita, kila mtu na kichwa chake. Bomba la gesi likiwa jekundu kwa Rodney na kijani kwangu, fundi kule kwenye ujenzi atakata asichopaswa kukata.

Kazi ya Verna ilikuwa kuhakikisha hilo halitokei. Kila Ijumaa baada ya kahawa alifungua faili mama, yenye orodha ya matabaka yote halali, akalinganisha nayo kila mchoro uliomo ofisini. Aliyekosea alikuta kikaratasi cha kijani kimebandikwa kwenye kiti chake. Mwaka 2006 Rodney alikuta kumi na vinne, akapandisha sauti: "Verna, mchoro huu ni wangu!"

"Mchoro wako, bosi," Verna alimjibu bila kugeuka. "Matabaka yangu."

Basi mtu mkali namna hiyo alikuwa na tabaka moja ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote. Liliitwa 9. Hudhurungi, mstari mwembamba, swichi ya kuchapa imezimwa. Lilikuwamo kwenye kila mchoro wa ofisi hii. Kwenye mingi lilikuwa tupu, na kwenye mingine lilikuwa na kipande cha mstari kinachoingia upande huu na kutokea upande ule, chini ya barabara, chini ya ua, chini ya kiwanja cha besiboli. Ukimuuliza, alikukatia kipande cha nisu, ule mkate wake wa iliki, akabadilisha mazungumzo.

Tabaka hilo alilikuta kwa Waino Kestila, mzee aliyemfundisha kazi. Waino alichora kwa penseli miaka thelathini, na kompyuta zilipokuja mwaka 1989 alikaa kando ya Verna akimsomea michoro ya zamani naye akiiingiza. Sote hapa tunajua habari za baba yake Waino. Alishuka Mgodi wa Harriet mwaka 1938, Waino akiwa na miaka sita, na hakupanda. Kampuni iliandika kitabuni kwamba ameondoka mjini. Mama yake Waino alizeeka akisikia dukani kwamba mumewe amemkimbia. Lakini kila mchimbaji alikuwa na kibati cha shaba, akishuka anakichukua, akipanda anakirudisha, na ubao wa vibati bado umetundikwa kwenye maktaba yetu. Una misumari miwili mitupu, wa tisa na wa kumi na nne.

Siku Verna alipotaka kulifuta tabaka lile, Waino alimshika mkono. "Hilo liache."

"Ni la nini?"

"Baba yumo."

Hakusema zaidi, na Februari 1991 akafariki. Verna akaliacha. Alichokaa nacho kimya miaka yote, akaja kuniambia mwaka juzi tu, ni kwamba yeye hajawahi kuchora hata nukta moja kwenye tabaka lile. Alifungua faili mpya, akalikuta. Alitazama nani amechora, akakuta herufi W.K.

Sasa kosa langu. Mei 2023 tulikuwa tunamalizia michoro ya chekechea mpya ya Carrow. Mteja alitaka faili ziwe safi, na mimi, mjuaji wa kompyuta, nikaandika programu ndogo ya kufuta kila tabaka lisilo kwenye orodha, michoro yote ya ofisi, mia mbili na kumi na miwili, kwa mpigo mmoja. Nilijisikia fundi kwelikweli. Nilipiga picha ya skrini nikamtumia mume wangu.

Jumatatu iliyofuata asubuhi Verna alikuja akasimama mbele ya meza yangu. Hakuwa na kikaratasi mkononi, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Denise. Umelifuta la tisa?"

"Halipo kwenye orodha. Wewe mwenyewe si ndiye unayetufokea kila Ijumaa?"

"Ndiyo mimi," alisema. "Fungua chekechea."

Nikafungua. Faili mia mbili na kumi na moja zilikuwa nyeupe kama sahani. Ile moja ya chekechea ilikuwa na tabaka la 9, limewashwa, na mstari unaoingia kutoka kaskazini na kukomea chini ya kona ya chumba ambamo watoto wangelala mchana. Nikafuta kwa mkono wangu. Nikafunga, nikafungua. Limerudi. Nikafuta tena, Verna akiwa nyuma yangu anapumua polepole. Limerudi, na safari hii mstari ulikuwa mnene zaidi. Saa ya faili ilionyesha dakika ileile tuliyokuwamo, na jina la mchoraji lilikuwa W.K. Fundi wa kompyuta ameshanieleza mara tatu jinsi jambo hilo linavyowezekana. Namshukuru. Sijamwelewa.

Verna alikuwa na nakala za kila Ijumaa. Akazitoa, akapanga michoro yote ya mji mmoja juu ya mwingine, na kwa kuwa mwanamke huyu alikuwa ameihimiza ofisi nzima kutumia vipimo vilevile, alama zilezile na rangi ileile tangu nikiwa shule ya msingi, vipande vilikaa pamoja bila kupishana hata unywele. Ulikuwa mstari mmoja. Ulitoka kwenye mdomo wa mgodi wa Harriet, ukapita chini ya mji wetu wote, ukaishia chini ya chumba kile. Hakuna ramani ya kampuni inayoonyesha njia hiyo.

Zege lilikuwa limwagwe Jumatano. Na kwa kuwa swichi ya kuchapa ilikuwa imezimwa siku zote, hakuna karatasi hata moja kule kwenye ujenzi iliyokuwa na mstari ule. Binti yangu Tessa alikuwa na miaka mitatu. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya watoto wa chekechea hiyo, maana nilikwenda kumwandikisha kabla ofisi ya uandikishaji haijafunguliwa.

Rodney alikataa kusimamisha kazi. Simlaumu, hata mimi ningekataa: ushahidi wetu ulikuwa tabaka haramu lililochorwa na marehemu. Jumatano asubuhi Verna akavunja kanuni yake mwenyewe. Aliwasha swichi ya kuchapa, akaupa mstari rangi nyekundu, akachapa mchoro mkubwa, akaenda nao, akashuka kwenye shimo la msingi na kusimama pale pale mstari ulipokomea, na buti zake za theluji mwezi wa Mei. Lori la zege likawa linazungusha tangi lake bure. Nilikuwa ukingoni, nimeshika kikombe cha kahawa kisicho na kahawa.

"Verna, toka humo, au weka ufunguo wa ofisi chini uende nyumbani!" Rodney alipiga kelele.

Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya udongo, akabaki. "Leteni mashine ya kutoboa," alisema. "Shimo moja tu. Nikikosea, msinione tena."

Wakatoboa. Futi kumi, mwamba. Futi ishirini, mwamba. Kwenye futi thelathini na sita chuma kikaponyoka kikaenda chini chenyewe, na hewa ikapanda kwenye tundu, baridi, yenye harufu ya chuma kilicholowa, ikavuma kwa muda mrefu kama mtu aliyekuwa amebana pumzi. Dereva wa lori alivua kofia. Rodney aliokota ule ufunguo, akaufuta udongo kwa shati lake jeupe, akashuka shimoni kumrudishia kwa mikono miwili.

Kamera waliyoteremsha ilionyesha nguzo za mbao, kopo la chakula cha mchana limetundikwa kwenye msumari, na buti. Julai watu wa uokoaji wa migodi walimtoa baba yake Waino. Kwenye mfuko wa koti kulikuwa na kibati cha shaba, namba 9. Tulimzika kando ya mkewe na mwanawe Waino, na ukurasa wa kitabu cha kampuni ukasahihishwa. Chekechea ilijengwa mlimani. Tessa amelala huko kila mchana mwaka mzima, na mwezi huu amemaliza, hana jino la mbele, mzima. Verna, kila nikimfunika blanketi usiku nakukumbuka. Nilifuta, na ulipokuwa na haki ya kunigombeza uliniletea nisu. Nisamehe. Asante.

Tangu siku ya mazishi, tabaka la 9 halijaonekana kwenye mchoro wowote. Faili zote ni safi. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na sita, kila mchoro wa ofisi hii unafanana na faili mama, na nilitaka kumaliza hapo, kwa habari njema.

Lakini asubuhi hii nilifungua faili mpya kuchora mpangilio wa meza za sherehe yetu katika ukumbi huu. Matabaka yalikuwa matatu, meza, viti na milango. Chini yake palikuwa na la nne, hudhurungi, jina lake 14, kama msumari mtupu wa pili kwenye ubao wa maktaba. Nimetazama nani amechora. Ni W.K.

Mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe cha kufuta, nakiri, kwa mazoea. Nikaurudisha. Swichi ya kuchapa nimeiwasha. Mkigeuza karatasi hii mtauona mstari, mwekundu, unapita chini ya maegesho ya upande wa mashariki. Msihofu, magari yote tumeyahamishia magharibi, na mashine ya kutoboa inafika Jumatatu saa mbili. Rodney ndiye aliyeiagiza, na hakuuliza swali lolote.

Verna, kwa niaba ya wote, asante kwa miaka yako. Nenda ukavue samaki bila kusingizia ugonjwa. Maisha yako ya mapumziko yawe marefu na yenye amani, simu yako usiizime, na Jumatatu, kama huna kazi, njoo na buti.